Bei za simu ghali wakati wa mdororo wa uchumi: Tarime na Serengeti

Bei za simu ghali wakati wa mdororo wa uchumi ni suala linalohusu namna kampuni kama Apple na Samsung zinavyopanga bei pale wanunuzi wanapopungukiwa na fedha. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kaskazini mwa Tanzania, suala hilo lina sura ya pekee. Wakazi wengi ni wakulima na wafugaji, lakini sehemu ya fedha inayozunguka madukani hutokana na mpaka wa Sirari, mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo na watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Bei ya kampuni

Kampuni hizo hukwepa kupunguza waziwazi bei ya simu mpya. Apple ilijaribu mwaka 2007: iPhone ya kwanza ilitoka Juni kwa dola 599, ikashushwa hadi 399 mwezi Septemba. Walioinunua mapema walilalamika hata kampuni ikawapa fidia ya dola 100 za kununulia bidhaa zake. Tangu hapo njia zake ni nyingine: toleo la mwaka uliopita hupunguzwa bei, simu ya zamani hupokewa kama sehemu ya malipo, au hutolewa simu ndogo. Aprili 2020, UVIKO-19 ilipokuwa imefunga nchi nyingi, ilitoka iPhone SE ya dola 399, huku iPhone kubwa zikibaki na bei zake.

Bei ya dukani

Apple haina duka lake lenyewe Tanzania, hivyo mnunuzi wa Tarime hulipa dola bila kuiona. iPhone 14 ya mwaka 2022 na iPhone 15 ya mwaka 2023 zote zilianza kwa dola 799 nchini Marekani. Kwa dola moja ya takriban shilingi 2,300, kiwango cha mwaka 2022, hiyo ni shilingi 1,837,700. Kwa takriban 2,600, kiwango cha katikati ya 2024, ni 2,077,400. Ongezeko la karibu shilingi 240,000 limepatikana bila kampuni kugusa bei, na hapo kodi, usafiri na faida ya muuzaji bado.

Sirari kuna hesabu ya pili. Mwanzoni mwa 2021 shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na takriban 21 za Tanzania. Januari 2024 ilikuwa karibu 16, kisha ikapanda tena hadi karibu 20 katikati ya mwaka huo. Mtu aliyevuka kutoka Isebania na shilingi 100,000 za Kenya alipata milioni 2.1 mara ya kwanza, na milioni 1.6 tu mara ya pili. Kwake simu ilipanda bei hata kama muuzaji hakuongeza kitu.

Mdororo mkali zaidi kwa upande wa Serengeti ulikuwa wa mwaka 2020. Watalii walioingia Tanzania walipungua kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867, yaani karibu asilimia 60. Katika mji kama Mugumu, wenye watu wanaotegemea hoteli na magari ya watalii, anayeuza simu yake wakati kama huo hukuta wauzaji wengi na wanunuzi wachache. Bei ya simu iliyotumika huanguka ilhali ya mpya imesimama. Punguzo lipo, ila analibeba mwenye simu, si kampuni.

Serikali nayo ilijaribu. Mwaka wa fedha 2021/22 simu janja zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18; msamaha huo ulifutwa mwaka uliofuata. Msamaha wa namna hiyo haumlazimishi muuzaji kushusha bei, na simu iliyoingia nchini ndani ya begi la msafiri haikuwa imelipiwa kodi hiyo tangu mwanzo.

Machi 2025 zilitolewa kanuni zinazokataza kutangaza au kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Kibandiko cha dukani kinaandikwa kwa shilingi. Anayeagiza mzigo Dubai au China bado anaulipia kwa dola.