Chaja ya sumaku au ya wote? Uamuzi wa Ulaya wamgusa mpangaji wa Mnarani

KUANZIA Aprili 28, 2026, kila kipakatalishi kipya kinachoingizwa katika soko la Muungano wa Ulaya, na ambacho huchajiwa kwa waya, sharti kiwe na tundu la USB-C. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka wa 2022 na ikaanza na simu mnamo Desemba 28, 2024. Haikutungwa kwa ajili ya Mnarani, mtaa ulio upande wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi, lakini huko nako itahisiwa mifukoni.

Sababu ni kwamba vipakatalishi ambavyo wengi wanamudu si vipya. Ni vile vilivyotumika maofisini Uingereza na kwingineko kwa miaka kadhaa, vikauzwa kwa jumla, kisha vikapangwa katika maduka ya Nairobi na Mombasa kwa jina la ‘ex-UK’. Uingereza ilijiondoa katika muungano huo mwaka wa 2020, ila watengenezaji hawana haja ya kuunda mashine moja ya Paris na nyingine ya London. Kinachoamuliwa Brussels ndicho huwa rafuni Kilifi miaka michache baadaye.

Kwa muda mrefu mnunuzi wa mitumba hiyo amekuwa akikumbana na vurugu. Hakuna anayeuliza kama pasi aliyonunua itaingia kwenye soketi ya ukutani, kwa kuwa plagi ya miguu mitatu bapa, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ni ile ile nchini kote. Chaja ya kipakatalishi haijawahi kuwa na adabu hiyo. Mashine nyingi za HP zilitaka ncha ndogo ya buluu. Za Lenovo, ncha ya mstatili. Zile za Dell zilikuwa na pini nyembamba katikati ya ncha, ambayo kazi yake ni kuiarifu mashine kwamba chaja ni halali. Isipotambuliwa, kompyuta huwaka lakini betri haipandi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayepanga chumba Mnarani akipoteza chaja ya aina hiyo, huenda akalazimika kuvuka daraja akaitafute mjini, na akiikosa huko, asafiri takriban kilomita 60 hadi Mombasa.

USB-C, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka wa 2014, inaondoa adha hiyo. Chaja ya jirani yaweza kutumika, na hata kibanda cha simu huenda kikawa nayo. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, na ilipopotea tena Novemba na Desemba mwaka huo, aliyekuwa na tundu hilo pamoja na betri ya mkononi yenye nguvu ya kutosha angeweza kuendelea na kazi yake. Mwenye ncha ya kizamani ya volti 19 kwa kawaida angehitaji jenereta, au betri ya gari na kigeuza umeme.

Hata hivyo, upande wa sumaku una hoja nzito. Kampuni ya Apple ilizindua chaja ya MagSafe mwaka wa 2006 kwa sababu moja kuu: mtu akijikwaa kwenye waya, ncha ibanduke na mashine ibaki mezani. Wazo lenyewe lilikuwa limetangulia katika vikaango vya umeme vya Wajapani, ambako waya ukivutwa ni afadhali uchomoke kuliko mafuta ya moto kumwagika. Apple ilianza kuiacha sumaku hiyo mwaka wa 2015 kwa kukumbatia USB-C, ikalaumiwa na wateja, na mwaka wa 2021 ikairejesha, safari hii bila kuliondoa tundu la USB-C. Muundo huo wa pamoja hauvunji sheria ya Ulaya.

Kinaya ni kwamba vifaa vya sumaku huuzwa zaidi kwa watu wenye soketi kila ukuta. Anayevihitaji hasa ni mpangaji wa chumba kimoja chenye soketi moja, ambamo waya wa kuongezea umeme hupita sakafuni kati ya kitanda na mlango, huku watoto wakiingia na kutoka. Humo ndimo kipakatalishi huanguka.

Hasara ya kuvutwa waya nayo imeongezeka. Katika mashine nyingi za zamani, tundu la chaja lilikuwa kipande kidogo chenye waya wake, na fundi alilibadilisha upesi. Tundu la USB-C mara nyingi huchomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na ndani yake mna ulimi mwembamba wenye pini 24. Likivunjika, kazi huwa ya darubini na mkono usiotetemeka, na si kila fundi wa mtaani anaiweza. Hewa ya chumvi ya Pwani nayo hula pini hizo. Sumaku pia ina udhaifu wake: karibu na karakana ya kuchomelea vyuma hunasa unga wa chuma, na isiposafishwa haigusani vyema.

Baadhi ya wauzaji wamejitokeza na dawa ya bei nafuu, yaani vipachiko vya sumaku vinavyovishwa kwenye tundu la USB-C. Ni dawa ya kutiliwa shaka. Havimo katika kanuni rasmi za USB-C, pini zake huachwa wazi, na kugusana kombo wakati umeme unapita kwaweza kuunguza tundu lile lile lililokusudiwa kulindwa.

Isitoshe, umbo moja si nguvu moja. Waya wa USB-C waweza kubeba wati 60, mwingine 100, na tangu kanuni zipanuliwe mwaka wa 2021, hata 240. Kwa macho zote hufanana. Anayenunua chaja ya simu akitaraji iendeshe kipakatalishi cha wati 65 atadhani mashine imeharibika. Hapa ndipo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina kazi. Kudai wati ziandikwe waziwazi kwenye chaja na kwenye waya kungemsaidia mnunuzi wa Kilifi kuliko kampeni yoyote ya kusaka bidhaa ghushi.

Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, tundu la wote ndilo chaguo la busara, kwani chaja hupotea au kuungua mara nyingi kuliko mashine inavyoanguka. Lakini vipakatalishi vilivyoundwa chini ya sheria hiyo mpya vitachukua miaka kadhaa kabla ya kuingia katika mitumba. Kwa sasa, anayenunua ‘ex-UK’ ana budi kukagua ubavu wa mashine kabla ya kulipa. Baadhi zina ncha ya zamani na USB-C inayopokea chaji pia, na nyingine zina USB-C ya kupitisha data pekee. Njia ya kuzitofautisha ni kuchomeka chaja pale pale dukani na kutazama kama alama ya betri itabadilika.