Tufunike Mitaro, Watu Wapite

Ndugu zangu wa Morogoro, tunajisifu kwa mji kasoro bahari. Mbona hatusemi kuwa ni kasoro njia ya miguu pia? Alfajiri mama wa Kiluguru huteremka kutoka Ruvuma au Towelo, kwenye milima ya Uluguru, mkungu wa ndizi kichwani, akiliwahi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mlimani njia ni nyembamba na ina utelezi, lakini hakuna wa kumfukuza. Akikanyaga lami tu, mashaka yanaanza: upande huu mtaro wazi, upande ule bodaboda inampigia honi kana kwamba yeye ndiye mvamizi.

Mitaro ile ina kazi yake. Masika yakikolea, maji ya Uluguru hushuka kwa kishindo, na pasipo mitaro mipana yangeingia majumbani. Sisemi ifukiwe, nasema ifunikwe. Tazameni mbele ya maduka: kila mwenye duka ameweka kidaraja chake, cha zege au cha mbao, mteja avuke bila taabu. Mteja anavushwa, mpita njia anaruka! Vidaraja hivyo vikiunganishwa kwa mifuniko ya zege inayoinulika, ili taka zizolewe kabla ya mvua, njia ya miguu imepatikana bila kubomoa ukuta wa mtu.

Tutaambiwa fedha hakuna. Basi TARURA, iliyoundwa mwaka 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini, iuweke mfuniko katika hesabu ya barabara tangu mwanzo, usiwe ombi la baadaye. Nasi tukishafunikiwa, tusipange viatu vya mtumba juu yake wala tusiegeshe bajaji. Najua hapo wengi mtanuna.

Lakini njia ya miguu haitoshi magari yasipopunguza mwendo. Sheria yetu inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Tamko la Stockholm la usalama barabarani, la mwaka 2020, lilitaka 30 pale watu, baiskeli na magari vinapochangamana. Dar es Salaam shirika la Amend limejenga matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule, na kazi hiyo ikatuzwa kimataifa mwaka 2019. Hapa kwetu, Kihonda na Mazimbu nako watoto huenda shule kwa miguu.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, msiishie kuulizia taa na maji. Mwulizeni mwenyekiti mtaro upi utafunikwa kwanza. Mimi ningeanza na ule wa kuelekea sokoni.