Kinanda cha Mfukoni na Jasho la Mwimbaji

Maneno ni mengi huku Kadutu juu ya vile vinanda vidogo vya mfukoni, ambavyo vijana huviita MP3 na MP4, vinavyopiga nyimbo na kuonyesha picha zinazotembea. Wazee wengi wamekwisha kuvihukumu. Husema vinapumbaza watoto, vinaziba masikio, vinazaa uvivu, tena ni vitu vya kigeni visivyotuhusu. Sisi hatukubaliani nao. Lakini hatukubaliani vile vile na vijana wanaodhani kwamba, maadam kinanda kimenunuliwa kwa fedha yao, basi yote yaliyomo ndani yake ni yao bila deni. Ugomvi wetu hasa ni huo wa pili, na wazee tutawajibu kwa maneno machache tu.

Kitu cha kigeni? Ndani ya vyombo vya namna hii mna vipande vidogo sana vya kutunza nguvu ya umeme, na vingine hufanywa kwa tantali, madini yatokayo katika koltani. Koltani huchimbwa Numbi katika Kalehe, na Rubaya katika Masisi. Nyaya zake huunganishwa kwa bati, na mawe ya bati huchimbwa Nyabibwe, Walungu na Shabunda. Hatusemi kwamba kila kinanda kina udongo wa Kivu. Twasema tu kwamba mtu wa Kivu hana sababu ya kukitazama kama mgeni aliyeshuka kutoka mwezini.

Kinasumbua? Mwenye kusema hivyo hajalala Nyamugo wala Cimpunda, ambako nyumba zimebanana mlimani hata jirani akikohoa wewe waamka. Kijana mwenye nyuzi zake masikioni hamsumbui mtu. Anayesumbua ni yule mwenye spika kubwa mlangoni, naye mara nyingi ni mtu mzima. Tena umeme unapokatika, kama ilivyo desturi yake, televisheni hunyamaza, lakini kinanda chenye betri yake huendelea, na bibi kizee aweza kusikiliza wimbo wa Kishi gizani. Kuna ubaya gani? Kuhusu picha chafu ambazo watoto huzitazama, hilo ni kweli na ni baya, lakini dawa yake ni mzazi kukifungua kinanda cha mtoto wake na kutazama kilichomo. Wazazi wangapi wamefanya hivyo wiki hii?

Basi tuje kwenye jambo lenyewe.

Kinanda cha kwanza cha namna hii kiliuzwa mwaka 1998, nacho kilitoka Korea ya Kusini. Kilibeba nyimbo zisizozidi kumi au zaidi kidogo. Mwaka 2001 Wamarekani wa Apple walileta iPod yao, wakajisifu kwamba inabeba nyimbo 1000. Mwaka 2022 waliacha kuitengeneza, kwa sababu simu ilikuwa imeimeza. Huku kwetu hakikumezwa kitu. Redio ndogo za Kichina zenye tundu la kadi zingali sokoni, na simu nyingi za zamani, ambazo hazipigi tena wala kupigiwa, zimebaki kuwa vinanda tu. Lililobadilika ni kadi. Kadi ya gigabaiti 8, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hubeba nyimbo kama 2000 za dakika nne nne. Ukizisikiliza mchana na usiku bila kulala, zitakupeleka zaidi ya siku tano.

Nyimbo hizo 2000 zatoka wapi? Twajua sote. Zatoka kwenye meza. Kijana ana kompyuta yake kuukuu kando ya njia ya soko, pengine chini ya mwavuli, pengine ndani ya kibanda kile kile cha kuchajia simu. Unampa kadi, unamlipa franka chache, naye anakutilia. Wewe hata huchagui. Wasema, “Nitilie za korali,” au “nitilie za rumba,” naye anamwaga kama mtu amwagaye maharagwe guniani. Baada ya dakika chache unaondoka na kazi ya watu mia mbili au mia tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyepata senti. Aliyelipwa ni nani? Mwenye meza, kwa kazi ya kubonyeza.

Tutaambiwa: mbona wakati wa kaseti watu walinakili pia, wala dunia haikuanguka? Ni kweli, walinakili. Lakini kaseti ya saa moja ilitaka saa moja ya kunakiliwa, na nakala ya nakala ilikoroma kama mgonjwa wa kifua. Mwenye kupenda sauti safi alirudi mwisho kununua kaseti ya kweli. Leo nakala ya elfu ni sawasawa na ya kwanza, na hutoka kwa nukta chache. Ule ukuta uliomkinga mwimbaji bila sisi kujua umebomoka.

Tutaambiwa tena: wimbo haupungui. Nikichukua mbuzi wako, wewe umebaki bila mbuzi. Nikichukua wimbo wako, wewe ungali nao. Hoja hii yapendwa sana, nayo yaonekana kuwa na akili. Lakini ebu tuiweke kwa mwalimu. Mwalimu akifundisha darasa la watoto 60, elimu yake haipungui; jioni anarudi nayo nyumbani nzima. Je, tusimlipe? Hasha! Hatumlipi kwa sababu elimu yake imepungua, twamlipa kwa sababu siku yake imepungua. Na korali iliyokwenda studio imetumia siku nyingi. Imelipa mwenye studio, imelipa mpiga gita, imelipa mafuta ya jenereta umeme ulipokatika katikati ya ubeti, imewalipia nauli akina dada waliotoka Bagira kwa mazoezi. Fedha hizo ni michango ya waimbaji wenyewe, ambao wengine ni wauza ndizi. Siku tatu baada ya wimbo kutoka, umekwisha kufika mezani, na kila mtu anao. Korali yafurahi kwamba inajulikana, kisha inakaa miaka bila kurudi studio, kwa kuwa deni la kwanza halijakwisha.

Lakini hasara ya fedha si kubwa kuliko zote. Iko nyingine, na twaona watu wengi hawajaiunganisha na kadi zao. Sikilizeni rumba yetu ya Kongo ya miaka hii. Katikati ya wimbo wa mapenzi, ghafla mwimbaji anaanza kuita majina: fulani wa Brussels, fulani mwenye magari, mheshimiwa fulani, jenerali fulani. Ndiyo yale Wakinshasa wanayoyaita mabanga, maana yake mawe. Mtu mkubwa hulipa ili jina lake “litupwe” ndani ya wimbo. Sisi wasikilizaji twanung'unika: “Ah, hawa waimbaji wamekuwa waombaji, hawana tena haya!” Ndugu zetu, waimbaji wafanyeje? Msikilizaji halipi. Mwenye kulipa ni mheshimiwa. Basi wimbo unamwimbia mheshimiwa. Anayelipa mpiga ngoma ndiye anayechagua mchezo, na sisi tumejitoa wenyewe katika kulipa. Halafu twashangaa kwamba hakuna wimbo unaosema habari ya maji ya bomba yasiyofika, au mmomonyoko unaobeba nyumba za Kadutu wakati wa mvua.

Ugonjwa huo sasa umeanza kunukia hata kwenye korali. Siku ya kuzindua nyimbo, viti vya mbele vyawekwa kwa wenye bahasha, na kila bahasha yatangazwa kwa jina. Mwaka wa uchaguzi bahasha huwa nene. Hatuwatukani wanakorali. Waliojaza kadi bure ndio waliowapeleka mbele ya bahasha hizo.

Kuhusu sheria, wengine hudhani haipo. Ipo. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 yampa mtungaji haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Kulikuwa na chama cha kukusanya haki hizo, SONECA, na tangu mwaka 2011 kuna SOCODA. Lakini makao yake yako Kinshasa, na mtu wa Bukavu hafiki Kinshasa ila kwa ndege. Tena tangu mji ulipotwaliwa na M23 Februari 2025, nani atakayetumaini kwamba ofisi ya Kinshasa italinda wimbo wa korali ya Nkafu? Ndiyo sababu twasema jambo hili tulimalize sisi wenyewe, jirani kwa jirani, bila kungoja polisi.

Najua, watasema wengine, na hili ndilo jibu zito kuliko yote: watu hawana fedha. Mwaka 2025 banki zilifunga milango, noti zikaadimika, mtu akiuza kutwa nzima apata unga tu. Kweli kabisa. Hatudai maskini anunue nyimbo 2000. Lakini yule yule maskini amekwisha kumlipa mwenye meza! Fedha ilitoka mfukoni. Tofauti ni mkono uliopokea. Kama amepata franka za kumpa mbonyezaji, sehemu yake yaweza kufika kwa mwimbaji bila yeye kuongeza hata moja. Na wimbo wa Paris au wa Lagos tuuache kwa leo. Wenyewe wana mawakili. Sisi twasema juu ya wimbo wa mtu ambaye utakutana naye kesho kisimani.

Hivyo maneno yetu ya mwisho ni kwa wenye meza, si kwa wanunuzi. Ninyi mwajua mnauza nini na kwa nani. Korali na wanamuziki wa mitaa ya Kadutu si wageni kwenu. Wote mwawafahamu kwa sura. Wekeni nyimbo zao katika sanduku lao ndani ya kompyuta, mbali na nyingine. Anayezitaka alipe bei ile ile, na ninyi mwandike katika daftari, kisha Jumamosi mtume fungu lao kwa simu, kama mnavyotumiana fedha kila siku. Kama ni nusu, kama ni theluthi, semeni wenyewe ni kiasi gani meza yaweza kubeba bila kufa. Mmoja akianza Nyamugo, korali zitatangaza meza yake misa zote tatu za Jumapili, na hiyo ni biashara ambayo mwenye mwavuli wa pili hataweza kuitazama kwa macho makavu.