Visi si visi tu: fundi asilazimishe

Lukafu, Haut-Katanga – Kuna mafundi wa pikipiki wanaosema: «Visi ni visi tu, mradi inaingia.» Maneno hayo ni ya hatari, na wakaaji wayakatae. Jamaa zilizohama makwao zinapakia mama, watoto na magunia juu ya pikipiki moja. Maisha yao yanashikwa na vyuma vidogo kuliko kidole cha mtoto.

Mfano ni kifuniko cha kikopo cha oili ya freni ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi za Japani kinashikwa na visi mbili za M4, yaani unene wa milimita 4. Ikipotea moja, fundi anachukua ya M5 na kuisukuma kwa nguvu. Aluminiamu ni laini: meno ya tundu yanakatika, kifuniko hakikazi, maji yanaingia ndani ya oili. Freni ikipata joto, maji hayo yanachemka, na mkono unakamata hewa tupu.

Kupima hakuombi mashine. Chukua visi ya pili iliyobaki, upime unene wake, kisha upime kwa rula urefu wa meno 10. M4 ya kawaida inachukua milimita 7, M5 milimita 8, M6 milimita 10. Lakini M7, visi adimu inayoonekana kwenye freni za magari fulani ya Ulaya, nayo ni milimita 10. Anayehesabu meno bila kupima unene ataweka M6 ndani ya tundu la M7, nayo itacheza mpaka itoke.

Mafundi watajibu kwamba vipuri viko mbali na mteja hana pesa. Ni kweli. Basi wafungue pikipiki iliyokufa ya aina ileile, na visi zake zitunzwe ndani ya kopo, kila unene peke yake. Umaskini haumlazimishi mtu kuharibu tundu ambalo kulitengeneza ni ghali kuliko visi yenyewe.

Sheria ni moja: visi ianze kwa vidole, mizunguko mitatu, bila turnevisi. Ikigoma, si yake.

Mteja naye aombe kuonyeshwa visi iliyotoka na ile inayoingia. Fundi anayekasirikia swali hilo asipewe pikipiki inayobeba watoto.