Anayetaka Kuponya Nafsi Ajifunze Kwanza Kunyamaza



Wapendwa waamini, tafakari ya juma hili haitawafurahisha wote, wala siiandiki kwa nia hiyo. Katika parokia zetu nyingi umeenea mtindo wa mtu kuhudhuria semina ya siku mbili, kupokea cheti chenye muhuri, na kuanzia Jumatatu kujiita mshauri nasaha. Anatangazwa baada ya Misa, anapewa chumba nyuma ya sakristia, na watu wenye majeraha mazito wanaelekezwa kwake. Nasema wazi: huo si utume, ni hatari. Upande wa pili wako wanaodai kwamba Mkristo hahitaji kabisa mtaalamu wa nafsi, kwa kuwa anayo sala, anayo maji ya baraka na anaye padre. Hao nao wamekosea, na gharama ya kosa lao hulipwa na wengine. Makundi haya mawili yaonekana kupingana, kumbe yamezaliwa na mama mmoja: kuidharau kazi ngumu ya kumfanya mtu aliyeumizwa akuamini.

Tuanze na elimu. Mwaka 1917 Mmarekani Mary Richmond alichapisha kitabu chake Social Diagnosis, akifundisha kwamba huwezi kumsaidia mtu kabla hujamfahamu pamoja na nyumba yake, jirani zake, kazi yake na kipato chake. Fadhila bila ufahamu, yaani kugawa nguo na unga kisha kuondoka, hakuiona kuwa inatosha. Baadaye Virginia Satir, ambaye naye alisomea ustawi wa jamii, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tiba ya familia. Kitabu chake juu ya tiba hiyo kilitoka mwaka 1964. Ndivyo njia ilivyofunguliwa kutoka kwa mfanyakazi anayeleta blanketi hadi kwa mtaalamu anayekaa na mtu ili kuitazama naye nafsi yake.

Lakini njia hiyo si fupi. Huko Marekani, mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayetaka kuwa mtaalamu wa tiba ya nafsi husoma kwanza shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Kisha hufanya kazi kwa miaka miwili au zaidi chini ya msimamizi, katika majimbo mengi kwa saa zipatazo 3,000, na mwishowe hufanya mtihani ndipo apewe leseni. Kwetu Tanzania kipo Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambako vijana wetu husomea fani hii kwa miaka. Linganisheni hayo na semina yetu ya siku mbili yenye chai na maandazi. Fundi asiyejua umeme hatumruhusu aguse nyaya za kanisa. Je, nafsi ya binti aliyebakwa ni rahisi kuliko nyaya?

Tena, wapendwa, jambo hili si la kigeni kwa Kanisa. Mwaka 1957 padre Mjesuiti, Felix Biestek, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, alitoa kitabu juu ya uhusiano kati ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii na mteja wake. Alitaja kanuni saba, na hadi leo wanafunzi wa fani hiyo katika nchi nyingi huzisoma. Mteja atazamwe kama mtu wa pekee, wala si kama kesi namba fulani. Apewe nafasi ya kutoa yaliyo moyoni. Mhudumu aguswe na maumivu yake bila kuzama ndani yake. Mteja apokelewe jinsi alivyo. Asihukumiwe. Aachiwe haki ya kuamua mambo yake mwenyewe. Na siri yake itunzwe. Ajabu ni kwamba kanuni alizoziandika padre hufundishwa katika vyuo vya serikali, na katika vyumba vyetu vya parokia hazijulikani!

Kwa maana kwetu hali ikoje? Mama aliyepigwa na mumewe anaketishwa mbele ya wazee watano, anatakiwa aeleze yote mbele ya aliyempiga, kisha anaambiwa avumilie kwa sababu ndoa ni msalaba. Baraza la usuluhishi linalotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 lina kazi yake ya kisheria, nami silibezi. Lakini usuluhishi si tiba, na hofu haiponywi mbele ya jopo. Mahali pengine siri ya mtu hutolewa nje ikiwa imevishwa vazi la sala: «Jumuiya, tumwombee dada yetu fulani, maana mumewe amerudi tena kwa yule mwanamke.» Huko si kuomba. Ni kusengenya huku macho yamefumbwa. Yoshua bin Sira alikwisha kutuonya kwamba afichuaye siri huivunja imani ya rafiki, wala hampati tena (YbS 27).

Basi imani hiyo hujengwaje? Hujengwa kwanza kwa ukweli kuhusu mipaka. Wengi hudhani kwamba mshauri mwema ni yule anayeahidi, «Niambie chochote, sitamwambia mtu.» La hasha! Ahadi hiyo ni ya sakramenti ya Kitubio peke yake. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile (kan. 983). Siri ya mshauri ni nzito, lakini ina mipaka: mtoto anapodhulumiwa, au uhai wa mtu unapokuwa hatarini, haiwezekani kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hayati Papa Fransisko naye, katika Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, iliyothibitishwa upya mwaka 2023, aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji wa kijinsia kwa viongozi wa Kanisa. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu huitaja mipaka hiyo siku ya kwanza, kabla mteja hajafungua kinywa. Anayeahidi yote kisha akalazimika kusema humsaliti mtu mara ya pili, na pengine mtu huyo hataongea tena maishani mwake.

Pili, hujengwa kwa kutochanganya kofia. Afisa ustawi wa jamii huweza kuombwa na mahakama aandike taarifa kuhusu malezi ya mtoto. Hiyo ni kazi halali na ya lazima. Lakini mama anayejua kwamba maneno yake yataishia kwenye faili la mahakama atasemaje kwamba usiku humjia wazo la kujiua? Ndiyo maana mwenye kuandika taarifa na mwenye kutibu inafaa wawe watu wawili. Na ikiwa ni mmoja, basi mteja ajue leo anaongea na yupi. Sisi tuliopita seminarini twaijua hekima hii. Mseminari anapofikiriwa kupewa Daraja Takatifu, baba yake wa kiroho na muungamishi wake hawaulizwi maoni kamwe (kan. 240). Kanisa lilitambua kwamba mtu hawezi kumfungulia moyo yule anayeshika kalamu ya kumpitisha au kumkataa. Iweje basi mwenyekiti wa kamati ya parokia, mkopeshaji wa kikoba na mshauri wa ndoa awe mtu mmoja yule yule?

Tatu, hujengwa kwa kunyamaza na kuuliza. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, wakawa faraja. Balaa ilianza walipofumbua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Naye Bwana wetu, alipomwona Bartimayo kipofu, hakudhani kwamba anajua. Alimuuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10). Njiani kuelekea Emau aliwatembeza wale wawili, akawauliza, akawaacha wasimulie huzuni yao hadi mwisho, ndipo akaanza kufundisha (Lk 24). Washauri wetu wengi huanza pale ambapo Bwana alimalizia. Mtu hajamaliza sentensi ya tatu, tayari amekwisha kupewa mistari minne ya Biblia na novena ya siku tisa.

Najua nitajibiwa: «Padre, sala inatosha.» Sala ni uhai wetu, wala sitaipunguza hata chembe. Lakini mtu akivunjika mguu tunamwombea tukiwa njiani kumpeleka hospitali. Kwa nini aliyevunjika moyo tumwombee tukiwa tumefunga mlango? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (na. 62) ya mwaka 1965, uliagiza kwamba uchungaji utumie pia matokeo ya sayansi, hasa saikolojia na sosholojia. Nasi mapadre tujue mipaka yetu. Kitubio huondoa dhambi. Aliyebakwa hana dhambi ya kuondolewa kwa kubakwa kwake. Ukimpeleka kitubioni kana kwamba ndiyo tiba yake, umemtwika hatia ya mwingine.

Wengine watasema: «Wazee wetu walishauri bila vyeti.» Ni kweli, na kungwi wa zamani aliitunza siri ya mwali wake kuliko wengi wetu leo. Lakini kungwi hakujituma. Alilelewa na kuaminiwa na jamii kwa muda mrefu. Tazameni Zimbabwe: mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi kumi na wanne wa Mbare, Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi karibu na kliniki, wakiwasikiliza juu ya kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa na wahudumu wa benchi hiyo walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Je, hilo latetea semina yetu? Hapana. Bibi wale walifundishwa, walifuata utaratibu, walikuwa na wasimamizi, na walijua ni mgonjwa yupi wa kumpeleka kwa mtaalamu. Kilichowastahilisha ni malezi na unyenyekevu wa kusema, «Hili limenizidi.»

Na wapo wanaosema mambo ya nyumbani hayatoki nje. Wahenga waliwajibu zamani: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi nadai nini? Nadai kwamba yeyote asitangazwe kanisani kuwa mshauri kabla haijajulikana amesomea wapi, kwa muda gani, na nani anamsimamia. Nadai kila parokia iwe na mawasiliano ya afisa ustawi wa jamii wa eneo lake na ya hospitali yenye huduma ya afya ya akili, na viongozi wa jumuiya wayajue. Nadai nia za maombi zisitaje tena aibu za watu kwa majina. Nadai badala ya kutuma watu thelathini kwenye semina moja, parokia imsomeshe kijana mmoja, wa kike au wa kiume, hadi amalize chuo; miaka mitatu au minne ya mchango wetu si mingi kuliko kiasi tunachotumia kwa sare za sherehe. Na wale thelathini wasikate tamaa: wajifunze kusikiliza, kutunza siri na kumsindikiza mtu hadi kwa anayeweza kumtibu. Huo ni utume mkubwa, nao hauhitaji cheo.

Katikati yetu Jumapili hii ameketi mtu ambaye hajamwambia yeyote. Anatusikiliza tunavyoongea juu ya wengine, naye anaamua kama sisi ni watu wa kuaminiwa. Mama Maria, aliyeyaweka mambo yote moyoni mwake, atuombee tujaliwe vinywa vyenye mlango na masikio yasiyo na haraka.

Nawatakieni Dominika njema.

Padre wenu.