Upanga wa Senema: Feleji, Mti au Mpira?

Mwezi wa Septemba 2025, mjini Los Angeles, Marekani, upanga mmoja wa senema ulipigwa mnada, bei ikapanda hata ikavuka dola milioni 3.6. Upanga wenyewe haujapata kukata hata kitunguu. Ni ule "upanga wa nuru" wa Darth Vader, uliotumika katika filamu mbili za Star Wars, ya 1980 na ya 1983. Wako waliocheka, wakasema wenzetu mali imewazidi. Mimi sikucheka, kwa kuwa habari kama hizi hazikawii kubisha hodi mlangoni petu, na zikifika huja na wachuuzi wake.

Haukupita muda akanijia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha picha katika simu yake.

"Mjomba, huu ni upanga wa The Lord of the Rings. Ndio uliopiganiwa vitani mle ndani ya filamu. Mwenyewe ana shida, anauza rahisi."

"Bapa lake ni la nini?"

"La pua, mjomba! Tena zito!"

Nikamwambia asitoe hata senti moja mpaka tukauone kwa macho yetu.

Msomaji atashangaa. Sisi tuliolelewa na wazee waliosifu upanga kwa neno moja tu, feleji, tunajua kuwa pua njema ndiyo heshima ya upanga. Mti ni wa watoto kuchezea, na bati ni la mkebe. Lakini katika soko la vifaa vya senema mizani imepinduka. Huko mara nyingi kilicho asili ni mti, alumini au mpira, na kile cha pua king'aacho ndicho cha kughushi.

Tuanze na huo upanga wa nuru. Filamu ya kwanza ilipotengenezwa Uingereza na kutolewa 1977, aliyeshughulikia vifaa hivyo, Roger Christian, hakuwa na fedha nyingi. Aliingia katika duka la vifaa vya picha mjini London akakuta mipini ya taa kuukuu za kamera, za aina ya Graflex, akaigeuza kuwa mipini ya panga. Bapa je? Lilikuwa fimbo ya mti, iliyovikwa utepe wenye chembe ndogo ndogo za kioo zinazourudisha mwanga kule ulikotoka. Mota ndogo iliizungusha fimbo ile, taa ikamulika kutoka upande wa kamera, nayo ikaonekana kama inayowaka. Mwali wa rangi tuliouona sisi ulitiwa baadaye kwa mkono wa wachoraji, picha baada ya picha. Fimbo zile zilikuwa dhaifu, zikivunjika katika mapigano. Basi akikujia mtu na bapa la pua akakuapia kuwa ndilo lililopiganiwa mwaka ule, kiapo chake mwenyewe kimemshitaki.

Hizo panga za The Lord of the Rings zina habari nyingine. Zilitengenezwa New Zealand, katika karakana ya Weta mjini Wellington, na mfua panga wake mkuu alikuwa Peter Lyon. Upanga mmoja wa hadithini, karakanani ulikuwa panga kadhaa. Uliokusudiwa picha ya karibu, mtazamaji auone hata mstari wa nakshi, ulifuliwa kwa pua ya springi. Wa kupigania ulikuwa wa alumini, ili mkono usichoke na mwenzio asiumie. Na wa kuangukia, wa kupandia farasi na wa kushikwa na mamia ya askari walio mbali, ulimiminwa katika kalibu kwa mpira mgumu. Mwigizaji Viggo Mortensen alijulikana kwa kupenda kupigana na ule wa pua, lakini huyo ni mmoja katika jeshi zima. Kwa hiyo swali la mnunuzi si "Je, ni wa pua?" Swali ni hili: upanga huu ulifanya kazi gani, na maada yake yaafikiana na kazi hiyo?

Sasa, hayo hujulikanaje pasipo kuuharibu upanga wenyewe? Kwanza ni sumaku. Alumini haishikwi na sumaku, wala mti, wala mpira. Sumaku ikinata, hapo pana chuma. Lakini isiponata usifanye haraka kuhukumu, kwa kuwa ziko aina za pua isiyoshika kutu ambazo nazo hazivutwi.

Pili ni uzani. Sentimeta moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, na ya pua ina karibu gramu 7.8, yaani hukaribia mara tatu. Upime upanga kwa mizani, kisha ujue ujazo wake kwa maji unayoyasukuma ukizamishwa, hesabu itakwambia. Bali ukiwa na mti ndani au rangi ya kale juu, usiutie maji, utaharibu ushahidi.

Tatu ni jicho na sikio. Kilichomiminwa katika kalibu huacha mshono ubavuni, na pengine vitundu vya hewa. Ukikigonga kwa kucha, mpira hunyamaza na pua huimba.

Nne ni mashine ya eksirei ya mkononi, wanayoitumia watu wa majumba ya makumbusho. Huelekezwa kwenye bapa, na kila madini hujibu kwa namna yake, bila ya mkwaruzo. Hata hiyo ina udhaifu wake: husoma uso tu. Plastiki iliyopakwa kromiamu itajibu "kromiamu", na kaboni, ambayo ndiyo inayokifanya chuma kuwa pua, haisomeki kwayo. Ndiyo maana mashine na mizani huendeshwa pamoja, kila mmoja akiwa shahidi wa mwenziwe.

Mwisho, bapa hulinganishwa na filamu yenyewe: pengo hili, mkwaruzo ule, rangi iliyobanduka pale, vyote viko katika picha? Vikiwemo, huo ni ushahidi kushinda karatasi yoyote ya muuzaji.

Tukaenda dukani na sumaku niliyoing'oa katika spika ya redio kuukuu. Sumaku ikanata. Bapa lilimeremeta kama kioo, halina pengo hata moja la hivyo vita vilivyosimuliwa, na mpini ulicheza mkononi kama jino bovu. Upanga wa kupambia ukuta, basi. Sikumwita muuzaji mwongo. Huenda naye aliuziwa kwa maneno hayo hayo. Tuliaga tukatoka. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya wakusanyaji na fedha zao tu. Disemba 1988, huko Japani, filamu ya Zatoichi ilipokuwa ikipigwa, upanga wa kweli uliingia mahali pa upanga wa mchezo, na mwigizaji mmoja akafa kwa jeraha la shingo. Disemba 2008, jukwaani mjini Vienna, Austria, mwigizaji alijipitishia kisu shingoni kama mchezo ulivyotaka. Kisu kilikuwa na makali ya kweli, damu ikamwagika mbele ya watazamaji. Yeye alipona. Na mwaka 2021, katika jimbo la New Mexico, Marekani, bastola ya filamu iliyodhaniwa haina risasi ya kweli ilimwua mpiga picha Halyna Hutchins. Mtunza silaha wa filamu hiyo alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miezi 18. Katika visa vyote hivi, kifaa hakikuwa kile kilichodhaniwa. Silaha ya bandia haina ila, maadamu kila aishikaye anajua kuwa ni ya bandia.

Wala thamani haimo katika maada peke yake. Mwaka 2005 mwizi alivunja jumba la makumbusho huko Minnesota akaiba viatu vyekundu vya filamu ya The Wizard of Oz ya 1939, akidhani vimepambwa kwa yakuti. Vilikuwa vigae vya kioo na puleki. Polisi walivipata 2018, na Disemba 2024 vikauzwa mnadani, jumla dola milioni 32.5. Mwizi alitafuta vito asivione, na mali ilikuwa mkononi mwake. Kioo kilichosemwa kuwa ni kioo kilishinda yakuti.

Sisi jambo hili halitupi taabu kulifahamu. Khatibu anapopanda mimbari siku ya Ijumaa hushika fimbo au upanga, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameruhusu hiki na hiki. Katika miji kadhaa ya Kiislamu, Cairo ikiwa mmojawapo, upanga wa khatibu ulikuwa wa mti. Hapana aliyesema khatibu amewahadaa watu, kwa kuwa hakuuza, wala hakusema ni wa feleji. Hadaa huanzia katika bei. Chuoni tulifundishwa kuwa aibu ya bidhaa hutajwa kabla ya mkono kupeana mkono, na tulisimuliwa jinsi Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta umaji chini ya ukavu, akamkataza yule mwenye mali kuficha.

Natamani ningeishia hapo, niwe mwalimu wa wenzangu. Lakini tulipokuwa njiani kurudi, yule kijana aliniuliza: "Mjomba, na kile kitara cha mama, tukijaribu?"

Kitara hicho kilikuwa cha baba yetu. Siku ya kugawa mirathi mimi ndiye niliyeshika kalamu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nilisema bapa ni feleji na vikuku vya ala ni fedha tupu, kikahesabiwa kwa bei ya fedha, kikatiwa katika fungu la dada yangu. Mimi nilichukua changu taslimu. Sikupima. Niliyasema niliyoyasikia tangu utotoni.

Tulikishusha ukutani. Bapa lilikuwa pua, alhamdulillahi. Nikapeleka sumaku kwenye ala, kwenye kikuku cha kwanza, na fedha haishikwi na sumaku. Ikanata. Cha pili, ikanata. Cha tatu, ikanata. Ni chuma kilichooshwa kwa rangi ya fedha.

Dada yangu alicheka, akasema kwake kitara ni baba, si fedha, na hataki hesabu nyingine. Nimemshukuru, na hesabu nimeifanya. Tofauti ya fungu lake nimeanza kumlipa mwezi huu.