Daftari la duka limehamia kwa nani?

Anayetaka kujua mfanyabiashara mdogo anamfahamu vipi mteja wake alitazame daftari la madeni la duka lolote la mtaani, liwe duka la Mangi kule Mbagala au kioski cha Kawangware. Kila mteja ana ukurasa wake, na jina lililoandikwa juu mara nyingi si lile la kitambulisho: ni Mama Asha, ni Fundi wa geti jeusi, ni Mwalimu. Chini yake kuna unga kilo 2, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, mkate, kisha mstari uliopigwa juu ya deni lililokwisha kulipwa. Riba haimo. Kilichomo ni kumbukumbu ya nani hulipa mwisho wa mwezi, nani hulipa akipata kibarua, na nani huongezewa siku shule zinapofunguliwa kwa sababu miaka yote amekuwa akimaliza deni mwezi unaofuata. Huo ni mtaji ambao muuza duka hakuukopa benki; ameujenga kwa kukaa na watu. Hoja yangu ni kwamba teknolojia ya malipo, pamoja na mema yake mengi, imeihamisha kumbukumbu hiyo kutoka kwa muuza duka kwenda kwa kampuni za simu na benki, na faida yake imehama nayo. Muuza duka anastahili kurudishiwa sehemu yake.

Uhamaji huu haukutokea siku moja. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, kazi yake ilikuwa kutuma pesa. Kijana aliyeko mjini alimtumia mama yake kijijini, wakala akachukua kamisheni yake, basi. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya kuonekana kwamba rekodi ya miamala yenyewe ina thamani. Novemba 2012 Safaricom na benki ya Commercial Bank of Africa walizindua M-Shwari, huduma iliyomkopesha mtu asiyewahi kuingia benki, kwa kuangalia tu anavyotumia simu na pesa zake. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mteja kulipa hata salio likipungua, na Tanzania kuna huduma za namna hiyo, kama Songesha ya Vodacom. Nini kilichowezesha yote hayo? Ni maswali yale yale ya daftari: huyu hupata pesa lini, hulipa nani, na akiahidi hutimiza? Tofauti ni kwamba sasa jibu liko kwenye kompyuta ya kampuni, na linauzwa.

Athari yake kwa duka inaonekana vizuri zaidi pale pesa zinapoingia. Mteja anadaiwa dukani, na pia ametumia mkopo wa salio wa simu. Anapolipwa ujira wake kwa simu, mtandao unakata deni lake hapo hapo, kabla hajaugusa. Kinachobaki ndicho atakachogawa kati ya kodi, nauli na duka. Anaweza kukopa tena dakika hiyo hiyo ili amalizane na Mangi, lakini kwa ada mpya. Kwa hiyo muuza duka, aliyemkopesha bila riba kwa sababu anamjua, amesogezwa nyuma ya foleni na mkopeshaji asiyemjua mteja ila kwa namba yake. Hakuna aliyeuvunja uaminifu kati ya wawili hao. Mfumo umepangwa tu kwamba deni la kampuni litangulie, na deni la mtaani lisubiri. Sijaona suala hili likijadiliwa kwa uzito unaostahili, ingawa linagusa biashara nyingi kuliko roboti na akili mnemba tunazozisikia kila siku.

Wapo watakaosema ninalipamba daftari. Ni kweli kwamba daftari lilikuwa na upendeleo. Mgeni mtaani hakukopeshwa, mpangaji mpya alitazamwa kwa wasiwasi, na mwanamke aliyegombana na mwenye duka angeweza kulala na watoto wenye njaa. Muuza duka naye alifilisika kwa madeni ya watu waliohama usiku. Simu imewafungulia mlango watu ambao mtaa uliwafungia. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science, ulikadiria kwamba kufika kwa M-Pesa kuliziondoa katika umaskini familia 194,000 za Kenya, karibu asilimia 2 ya familia zote. Hilo si jambo dogo, na mtu anayetaka turudi kwenye karatasi tupu hana la kuwaambia watu hao. Sidai turudi huko. Ninachokataa ni dhana kwamba ili mgeni apate mkopo ilikuwa lazima jirani apoteze kumbukumbu yake. Rekodi ya malipo inatokana na watu wawili, anayelipa na anayepokea, na teknolojia ingeweza kuwanufaisha wote wawili tangu mwanzo.

Tena, kumjua mteja bila kuishi naye kuna hatari zake, na tumeziona. Muuza duka anayedai anajua kesho atakutana na mdaiwa wake msikitini, kanisani au bombani, kwa hiyo hudai kwa kiasi. Programu ya mikopo haikutani na mtu. Kenya na Tanzania zote zimeona wakopeshaji wa mtandaoni wakichukua orodha ya namba zilizo kwenye simu ya mkopaji, kisha kuwapigia mwajiri, shemeji na mchungaji wake ili kumwaibisha. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo hiyo faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo ya namna hiyo, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyofanya kazi bila leseni. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Lakini zinamzuia mkopeshaji mbaya tu. Hazimrudishii muuza duka chochote.

Na hapa ndipo pingamizi zito zaidi linapotokea, la faragha. Mwaka 2022 Safaricom ilianza kuficha namba za simu za wateja wanaolipa kwa Lipa na M-Pesa, ili mwenye duka asizione zote. Sababu ilikuwa nzuri: kuna wanawake waliosumbuliwa kwa ujumbe usiku na watu waliopata namba zao kwa sababu tu walinunua soda. Sitaki ulinzi huo uondolewe. Lakini tutazame matokeo yake. Mwenye duka, aliye upande mmoja wa biashara, sasa anaona kidogo, na kampuni iliyopitisha malipo inaona kila kitu: nani alinunua, saa ngapi, kwa kiasi gani, na duka gani jingine analitembelea. Faragha iliyomfumba macho mmoja na kumwachia mwingine yote imekamilika nusu. Dawa yake ni ridhaa ya mteja mwenyewe. Anapolipa, aulizwe kama anataka duka hili limkumbuke. Akikubali, malipo yake yaingie kwenye daftari la duka, na akikataa, yasiingie. Mama Asha hatakuwa na shida ya kujulikana na Mangi wake. Mpita njia atakataa, na ana haki.

Haki ya pili ni ya mfanyabiashara juu ya rekodi ya mauzo yake. Mama lishe aliyepokea malipo kwa Lipa Namba kwa miaka 3 ana ushahidi wa biashara ulio bora kuliko hati nyingi zinazopelekwa benki, lakini mara nyingi mkopo unaotokana na ushahidi huo humfikia kwa mlango mmoja tu, ule wa mtandao wenye rekodi na benki iliyoshirikiana nao, kwa bei waliyoipanga wao. Angeweza kuipeleka rekodi hiyo kwenye SACCOS yake, au kwa mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo anayempa mali kauli, bei ingeshuka. Hili si ndoto. Ulaya ilizilazimisha benki kuanzia mwaka 2018 kufungua taarifa za akaunti kwa watoa huduma wengine, mteja akiridhia. India ina mfumo wa namna hiyo tangu 2021. Kenya yenyewe, katika kifungu cha 38 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inampa mtu haki ya kupokea taarifa zake na kuzihamishia kwingine. Kilichobaki ni benki kuu kuandika kanuni zinazosema rekodi itolewe kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi, na bila ada.

Kampuni zitajibu kwamba zilijenga minara na mitambo kwa fedha zao, na si haki kuwanufaisha washindani bure. Jibu langu ni kwamba malipo ya minara na mitambo tayari yamo katika ada ya kila muamala, na ada hiyo inalipwa na hao hao tunaowazungumzia. Walichonunua kwa ada yao ni huduma ya kupitisha pesa. Hawakuuza humo miaka yao ya kuaminiana na majirani, na hakuna mkataba uliowaeleza, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba ndicho kilichokuwa kikichukuliwa. Benki Kuu ya Kenya na ya Tanzania ndizo zinazotoa leseni kwa mifumo hii ya malipo. Sharti la kumpa kila mwenye namba ya biashara rekodi yake linaweza kuingizwa kwenye leseni hizo bila kusubiri sheria mpya bungeni.